Sindano ya Mama na Nguo za Memorial

Mama yangu hakununua nguo bila kuigeuza ndani nje kwanza. Katika soko la Memorial pale Moshi wauza mitumba walimjua kwa tabia hiyo, na baadhi walimnung'unikia, maana mteja anayegeuza nguo huona mengi. Wenzake walivuta gauni kutoka kwenye lundo, wakajipima kifuani, wakauliza bei. Yeye alianza na mshono wa kwapani. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kola, akainua suruali juani aone kama sehemu ya kukalia imeanza kupitisha mwanga, akapandisha zipu na kuishusha, akanusa. Rangi aliitazama mwisho kabisa.

Nyumbani, nguo ikishafuliwa na kukauka, aliitandaza juu ya meza ya cherehani na kuomba kabla mkasi haujaigusa. Ombi lenyewe lilikuwa fupi. Alimshukuru Mungu kwa nguo, kwa mtu aliyeishona na kwa mtu aliyeivaa kabla yetu, akawaombea wote wawili popote walipo. Ndipo alipokata. Nimesikia shukrani nyingi tangu siku zile, za kanisani, za mezani na za kwenye sherehe, lakini ile ya mama ndiyo iliyonifunza zaidi, kwa sababu ilikuja baada ya kuitazama nguo kwa makini na kabla ya kuifanyia kazi. Alijua kitu anachokishukuru kimechakaa wapi na ni kizima wapi.

Tulikaa Old Moshi, kwenye mlima Kilimanjaro, katika kihamba cha migomba na kahawa. Baba alipeleka kahawa yake chama cha msingi, chama kikaipeleka kwenye muungano wa ushirika wa KNCU, na malipo yakaja kwa awamu. Mwaka 1989 mgao wa mauzo uliokuwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote, na kwetu mlimani habari hiyo tuliijua kwenye ada za shule. Watoto tulikuwa wengi. Baridi ya Julai nayo haikusubiri malipo ya pili.

Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kupita pabaya zaidi. Walituhadithia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipopangiwa foleni na kitambaa cha dukani kilipotolewa kwa mgao. Mitumba wakati huo haikuuzwa kwa uhuru. Ile iliyopatikana ilipitishwa kwa njia za panya kutoka upande wa Taveta, Kenya, au iligawiwa makanisani kama msaada. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka hiyo, marobota yakaanza kufunguliwa hadharani, na mama akaanza kushuka mjini na kikapu chake.

Wapo waliotusema. Walisema tunavaa nguo za wafu, kwamba Mzungu hawezi kutoa koti zima namna ile akiwa hai. Shangazi yangu mmoja alimwambia mama hivyo mbele yetu, akikataa hata kulishika gauni lililokuwa linashonwa upya. Mama alimjibu kwa upole, "Wifi, kama mwenyewe amelala katika Bwana, hana haja nalo tena. Kama yu hai, Mungu amvike jingine." Akaendelea kukanyaga cherehani.

Lakini kazi iliyomtambulisha mama kijijini ilikuwa ya masweta. Mlimani sweta si pambo, na la shule dukani lilikuwa na bei ya kuumiza. Wakati huohuo kwenye malundo ya Memorial yalikuwamo masweta makubwa ya kiume, yenye viwiko vilivyotoboka, ambayo hakuna aliyeyataka. Mama aliyanunua kwa bei ya kutupa. Alikuwa anatafuta uzi, na sweta kwake lilikuwa ghala la uzi huo. Viwiko huchakaa mapema, ukingo wa mikono hufuata, ila mgongo wa sweta la mtu mzima hukaa miaka mingi bila kuguswa na kitu, na katika mgongo mmoja mpana mna uzi wa kutosha sweta la mtoto wa darasa la kwanza.

Si kila sweta hufumuka. Hapo ndipo kugeuza ndani nje kulipokuwa na faida. Sweta ambalo vipande vyake vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa ukingo kwa ukingo, hutoa uzi mmoja mrefu usiokatika. Lile lililokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kilichofumwa tayari, kisha likapigwa overloki, kila mstari wake umekwisha kukatwa pembeni, na ukilifumua utapata vipande vya uzi visivyofaa hata kufungia mchicha. Mama aliutambua mshono kwa kuupapasa tu. Kwa sufu alikuwa na kipimo kingine: alichomoa kipande kidogo cha uzi na kukichoma. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikaacha punje ngumu nyeusi. Zote alizitumia, ila sufu aliitengea watoto wachanga na wazee.

Kufumua ilikuwa kazi yetu watoto, jioni, baada ya ng'ombe kulishwa. Mama alitenganisha mikono, kifua na mgongo kwa wembe, akikata uzi wa maungio peke yake, kisha akatuonyesha pa kuanzia, juu shingoni, kwa sababu fumo la mashine hufumuka kirahisi kuanzia pale lilipomalizikia. Mmoja alivuta, mwingine akazungushia kwenye mgongo wa kiti. Uzi hutoka umejikunja wote, umekariri umbo la vitanzi ulivyokaa miaka yote ile. Ukiufuma hivyohivyo, sweta jipya huwa na mabonde. Kwa hiyo shada liliondolewa kitini, likafungwa sehemu nne lisijichanganye, likalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, likasuuzwa na kutundikwa likiwa na kopo la mchanga chini yake kulinyoosha. Asubuhi uzi ulikuwa umenyooka. Ulizungushwa kuwa madonge, na madonge yalikaa kwenye kapu chini ya kitanda yakisubiri rangi zinazoendana nayo.

Rangi ndiyo iliyohitaji subira. Shule yetu ilivaa damu ya mzee, na mama aliiwinda rangi hiyo mwaka mzima, Januari hadi Desemba, donge moja huku na jingine kule. Zilizopishana kidogo alizipanga kwa mistari kiunoni na mikononi, mwalimu asione kasoro na mtoto aone nakshi. Sindano zake za mwanzo za kufumia zilikuwa spoku za baiskeli, baba alizozikata na kuzinoa ncha kwenye jiwe. Nimefuma kwa sindano za dukani tangu hapo, na sijaona zinazoteleza vizuri kuzizidi zile.

Nguo nyingine zilikuwa na njia zake. Shuka huchakaa katikati mtu anapolala, pembeni hubaki imara; mama aliipasua kwa urefu, akaunganisha kingo mbili nzima zikawa katikati, akapinda upya pembeni, na shuka ikaanza maisha ya pili. Gauni la harusi la mitumba, lile lenye sketi pana iliyokosa mnunuzi kwa sababu ya doa la divai, lilitoa magauni mawili ya kipaimara, langu na la binti wa jirani, na doa likaangukia kwenye vipande vilivyobaki. Khanga hakuna haja ya kusimulia sana, kila msomaji aliyelelewa na bibi anaijua safari yake: ya kutokea, ya jikoni, mbeleko, nepi, dekio. Mama hakuiona safari hiyo kuwa ya kushuka hadhi. Khanga iliyofikia kuwa nepi ilikuwa imelainika kwa kufuliwa, na mtoto mchanga anastahili kitambaa laini kuliko mgeni wa harusini.

Mtu anaweza kusoma haya na kuona tu umaskini uliopangwa vizuri. Ulikuwapo, siukatai. Lakini nilikuja kuelewa kwamba mama angeishi vilevile hata kama kahawa ingelipa, na sababu yake ilikuwa ndani ya Biblia aliyoisoma jioni akiwa na miwani iliyofungwa uzi.

Alipenda kurudia habari ya mikate mitano na samaki wawili katika Injili ya Yohana. Wengi huishia pale watu walipokula wakashiba. Yeye alisimama kwenye agizo lililofuata, wanafunzi walipoambiwa wakusanye vipande vilivyosalia kisipotee kitu, vikajaa vikapu kumi na viwili. Alituuliza, huyu aliyewashibisha maelfu kwa chakula cha mtoto mmoja alikuwa na shida gani ya makombo? Angeweza kuzidisha tena kesho. Kwa mama, jibu lilikuwa kwamba kipande kina thamani kwa sababu kimetoka mkononi mwa Mungu, na anayekitupa kwa kuwa kipo kingine ameacha kumtazama aliyekitoa. Sijasikia mahubiri yaliyoipita hoja hiyo.

Habari nyingine aliyoipenda husomwa mara chache. Iko katika kitabu cha Yeremia, sura ya 38. Nabii ametupwa kwenye shimo la matope. Ebedmeleki Mkushi, mtumishi Mwafrika katika nyumba ya mfalme, anapata ruhusa ya kumtoa. Kabla ya kwenda shimoni anapita kwanza ghalani, chini ya hazina, anachukua matambaa makuukuu na nguo zilizochakaa, anazishusha kwa kamba, anamwambia Yeremia aziweke kwapani chini ya kamba asiumie akivutwa. Mama alikuwa akitulia hapo. Ndani ya ghala la mfalme, chini ya hazina yenyewe, kitu alichokihitaji nabii siku ile kilikuwa tambaa. Na alikuwapo mtu aliyefikiria ngozi ya mwenzake. Kamba peke yake ingemtoa Yeremia. Matambaa yalimtoa bila kidonda.

Nadhani ndiyo maana mama hakuruhusu kubana matumizi kuwe kwa ajili yetu peke yetu. Katika sharika zetu za Kilutheri (KKKT) mlimani, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Husimama nje kuzunguka sadaka za mazao, na mzee wa kanisa mwenye sauti huanza kunadi: mkungu wa ndizi, trei la mayai, chupa ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu, miwa, maparachichi. Mtu hununua mkungu, akalipa, kisha akautoa tena unadiwe upya, na fedha ya Bwana huongezeka huku mkungu uko palepale. Wakati wa sikukuu ya mavuno mama alipeleka sweta. Halikuwa la masalio. Lilitoka kwenye uzi bora wa mwaka ule, sufu tupu, na vifungo vilivyolingana, jambo ambalo masweta yetu wenyewe hayakulipata kila mara. Niliwahi kulililia moja, la kijani, nikaambiwa kwamba lile lilikwisha kuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza ya kufumwa. Aliyelinunua alimpelekea mama mjane wa bondeni kwa ajili ya mjukuu.

Ubanifu usiofungua mkono ni ubahili. Nimewaona watu hodari wa kuokoa kila kopo na kila kifungo, wakavijaza stoo hadi panya wakazaliana humo, na jirani anatembea bila koti. Dorkasi wa Yafa, tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume, alililiwa kwa machozi na wajane walioshika mikononi kanzu alizowashonea akiwa hai. Hawakumwonyesha Petro kabati lake.

Mimi sasa naishi Dar es Salaam, ambako sweta halina kazi, na mkono wangu umehamia kwenye mashati na mashuka. Nanunua Karume, soko lililoungua Januari 2022 na ambako wafanyabiashara wengi walianza upya kwa mtaji wa kukopa. Naomba nimwambie msomaji anayeanza: tafuta mashati ya kiume makubwa kupita kiasi. Wanunuzi wake ni wachache, hivyo bei iko chini, na kitambaa kilichomo ni kingi, mara nyingi pamba nzuri. Mgongo na kifua hutoa gauni la mtoto, vifungo vyake vikabaki mahali pake mbele au vikageuzwa mgongoni; mikono hutoa foronya ndogo. Suruali ya jinzi iliyochanika magoti ina miguu mizima juu na chini ya tundu, na mishono yake mara nyingi hupigwa mara mbili, ndiyo maana mfuko wa sokoni ulioshonwa kwa jinzi hubeba viazi bila kulalamika. Pazia zito likikatwa vizuri ni bitana ya koti. Chochote utakachonunua, kifue kwa maji ya moto kama kitambaa kinastahimili, kisha pasi ipite hadi kwenye mishono. Nguo za ndani usiguse. Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku za mitumba, na ni sawa.

Shukrani hii hainizuii kuona upande mwingine. Robota la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa, na mama wa meza ndogo hajui alichonunua mpaka amekata mikanda. Akikuta nusu ni matambaa yenye madoa, hasara ni yake. Aliyeyapakia huko Ulaya au Marekani amekwisha kulipwa, na takataka imehamia kwetu. Vilevile viwanda tulivyojivunia, Urafiki pale Ubungo, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, viliumia kwa sababu nyingi, na wingi wa mitumba ni mojawapo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia nafasi yetu katika AGOA, mpango wake wa msamaha wa ushuru kwa bidhaa za Afrika, wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake wa juu kwa mitumba, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Naiheshimu Rwanda kwa hilo. Ningefurahi kununua kitambaa cha Mwanza kilichofumwa kwa pamba ya Shinyanga, na nikikipata hununua. Naona mama angesema vivyo hivyo, maana hakuwa mpenzi wa mitumba kwa kuwa ni mitumba. Alichokataa ni kitu chenye uhai kutupwa.

Ndiyo sababu kinachonisumbua leo ni nguo mpya kuliko kuukuu. Harusi moja mjini ina kitchen party, send-off na harusi yenyewe, kila tukio na sare yake, kila sare na fundi wake, na asilimia kubwa ya vitenge vile huvaliwa usiku mmoja vikaenda kabatini. Nasi waumini tunaovaa sare hizo, Jumapili tunaimba kumshukuru Mungu kwa ukarimu wake. Dada mmoja wa kwaya yetu aliniletea magauni ya namna hiyo, mengine pindo halijawahi kuguswa na maji, akauliza kama yanafaa kitu. Tuliyafumua mishono pamoja sebuleni kwangu, tukayanyoosha, tukapata sketi za shule ya Jumapili na mifuko ya vitabu vya nyimbo, na moja alilirudisha mwilini mwake likiwa blauzi ya kwenda kazini. Aliniambia hakuwahi kujua gauni lake limeshonwaje ndani.

Katika sharika nyingi ninazozifahamu kuna cherehani iliyotolewa na wafadhili au kununuliwa na umoja wa wanawake, inayokaa ofisini chini ya turubai. Muulize katibu ufunguo uko kwa nani. Waombe wazee wa kanisa saa moja baada ya ibada ya pili, mara moja kwa mwezi, watu walete nguo walizoacha kuvaa kwa sababu ya zipu, kifungo au pindo. Mafundi wapo kati yenu, wanakaa viti vya nyuma. Walete na watoto, wa kike na wa kiume, wajifunze kushona kifungo kikakaa. Zile zitakazozidi mahitaji ya wenyewe ziwekwe kwenye mnada wa mavuno, zikiwa zimepigwa pasi.